Kitongoji Kwanza: Namna ya Kuutafuta Ukoo wa Ireland

Mwaka 1850 kijana wa miaka kama 19 aitwaye Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliondoka Moneygall, kijiji kidogo cha Kaunti ya Offaly, akavuka bahari kwenda Marekani. Alikaa Ohio, kisha Indiana. Akamzaa Mary Ann. Mary Ann akamzaa Ralph Dunham. Ralph akamzaa Stanley. Stanley akamzaa Ann. Na Ann akaolewa na Mjaluo ambaye kwao ni Kogelo, akamzaa Barack Obama. Kwa hesabu yetu, Obama ni kilembwekeza wa Falmouth. Tarehe 23 Mei 2011, akiwa rais, alifika Moneygall na mji mzima ukatoka barabarani kumpokea.

Kogelo tunaijua sote. Moneygall ilijulikana kwa sababu watu walikaa na karatasi, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakafika kwenye vitabu vya kale vya kanisa la Kianglikana la eneo lile na kuikuta humo familia ya Kearney. Kazi ya namna hiyo yeyote mwenye subira anaweza kuifanya, na sehemu kubwa ya kumbukumbu za Ireland siku hizi husomwa bure kwenye simu.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nimeolewa Cork. Upande wangu wanangu hawana taabu: baba yangu anawahesabia mababu kihambani, huyu alilima hapa, yule alizikwa pale. Upande wa baba yao niliambiwa tu, "Tumetoka magharibi." Ilinibidi nijifunze. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza, na nawaandikia hasa ndugu zangu wenye babu au bibi Mwairishi, au wenye watoto wa damu mbili kama wangu, wawe Nairobi, Dar es Salaam, London au hapa hapa Ireland.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili: Ireland, kama kwa Wachagga, mtu hujulikana kwa ardhi. Kaunti haitoshi. Parokia husaidia. Lakini kinachofungua milango ni kitongoji, kipande kidogo kabisa cha ardhi chenye jina lake. Vipo zaidi ya 60,000 katika kisiwa chote, vingine vikiwa na nyumba mbili tatu tu. Kazi yote unayoifanya mwanzoni ni kukitafuta kitongoji hicho.

Hatua ya 1: Anza na walio hai

Keti na wazee wa familia ukiwa na daftari, na umrekodi anayezungumza kama ameridhia. Usiulize "Tumetoka wapi?" kwa sababu jibu litakuwa "Ireland" au "Cork", basi. Uliza mambo madogo. Bibi aliitwaje kabla ya kuolewa? Alikuwa na ndugu gani waliokwenda Boston, Liverpool, Sydney? Nani alikuwa akituma barua, na nyuma ya bahasha paliandikwa nini? Mashamba yalipakana na nani? Mama mkwe wangu hakuwa analijua jina la kitongoji, lakini alikumbuka kwamba nyanya yake alikuwa akikitaja kisima cha mtakatifu fulani na jirani mmoja mhunzi. Miaka miwili baadaye mhunzi yule ndiye aliyenionyesha kwamba nimefika mahali penyewe.

Kusanya pia kadi za misa za marehemu, Biblia za familia, picha zenye muhuri wa studio, vyeti vya zamani. Piga picha pande zote mbili za kila kitu.

Hatua ya 2: Maliza kwanza nchi aliyohamia

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakimbilia kumbukumbu za Ireland wakiwa na jina na umri wa kukisia, kisha wanakutana na akina Mary Murphy mia moja. Kama babu yenu alikwenda Marekani, Uingereza au Kenya, mara nyingi jina la kitongoji chake limeandikwa huko huko alikokwenda.

Tafuta cheti cha ndoa na cha kifo, tangazo la msiba gazetini, jiwe la kaburi, karatasi za uraia, kitabu cha parokia aliyofungia ndoa ughaibuni. Orodha nyingi za abiria wa meli za karne ya 19 huandika "Ireland" tu kama nchi ya asili, hivyo usizitegemee sana. Gazeti la Boston Pilot lilichapisha kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya watu waliokuwa wakiwatafuta ndugu zao, na humo wengi walitaja parokia na hata kitongoji. Benki ya Emigrant Savings ya New York, iliyoanzishwa 1850, iliwauliza wateja wake maswali ya kuwatambulisha: umezaliwa wapi, wazazi ni nani, ndugu wako wapi. Majibu yao yamehifadhiwa.

Kwa mapadri, masista na mabradha waliokuja Afrika Mashariki njia ni fupi zaidi. Mashirika ya kitawa huhifadhi majalada ya wanachama wao, na ndani huwa na jina la parokia ya kuzaliwa. Andika barua ya heshima kwa mtunza kumbukumbu wa shirika, ueleze uhusiano wako na unachotafuta.

Hatua ya 3: Jua moto wa 1922 ulikula nini

Utasikia ikisemwa kwamba kumbukumbu zote za Ireland ziliungua. Si kweli, na uwongo huo umewakatisha tamaa watu wengi.

Mwishoni mwa Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Dublin, jengo la Four Courts lilishambuliwa, na tarehe 30 Juni hifadhi ya kumbukumbu iliyokuwa hapo ikalipuka na kuungua. Zilipotea karibu sensa zote za 1821, 1831, 1841 na 1851, wosia nyingi mno, na zaidi ya nusu ya vitabu vya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana, kwa sababu hilo lilikuwa kanisa la dola na vitabu vyake vilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa uhaba wa karatasi.

Vilivyobaki ni vingi. Vitabu vya Wakatoliki havikuwa Dublin, vilikuwa sakristia za parokia, vikapona. Usajili wa kuzaliwa, ndoa na vifo ulikuwa umehifadhiwa kwingine. Sensa za 1901 na 1911 zipo nzima. Na tangu 2022 kuna mradi wa Virtual Record Treasury unaounganisha upya kidijitali yale yaliyoungua, kwa kukusanya nakala zilizokuwa zimesambaa kwenye maktaba nyingine duniani.

Hatua ya 4: Vyeti vya serikali

Ndoa za wasio Wakatoliki zilianza kusajiliwa tarehe 1 Aprili 1845. Tarehe 1 Januari 1864 ukaanza usajili wa kila kuzaliwa, kila ndoa na kila kifo. Tovuti ya serikali, irishgenealogy.ie, inakuonyesha bure picha za kurasa zenyewe: kuzaliwa kuliko zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya miaka 75, vifo vya zaidi ya miaka 50. Kwa kaunti sita za kaskazini zilizobaki chini ya Uingereza, vyeti vya kuanzia 1922 viko katika ofisi ya usajili ya Belfast.

Cheti cha kuzaliwa ndicho chenye utajiri zaidi. Kina tarehe, kitongoji, jina la mtoto, jina na kazi ya baba, na jina la mama pamoja na ukoo wake wa usichanani. Jina hilo la mama ndilo litakalokutenganishia watu wenye majina sawa. Cheti cha ndoa kina majina ya baba wawili na kazi zao, lakini mama zao hawatajwi. Kwenye umri mara nyingi utakuta neno "Full", maana yake mtu amefikisha miaka 21. Cheti cha kifo hakitaji wazazi kabisa. Hata hivyo usikipuuze: angalia aliyetoa taarifa ni nani. Mara nyingi ni mtoto au mkwe, na makazi yake yameandikwa.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni wilaya ya usajili. Wilaya zilichorwa kuzunguka nyumba za kuhudumia maskini, kila moja ikachukua jina la mji wake. Kuona "Kanturk" hakumaanishi mtu alizaliwa mjini Kanturk. Huenda ni kilomita nyingi nje, na wilaya nyingine zinavuka hata mpaka wa kaunti. La pili ni tarehe. Mzazi aliyechelewa kusajili mtoto alipigwa faini, kwa hiyo wengi walisogeza mbele siku ya kuzaliwa. Usishangae kukuta mtoto amebatizwa wiki tatu kabla ya "kuzaliwa". Kitabu cha ubatizo ndicho cha kuaminiwa.

Ukitaka kujizoeza, mtafute Edel Quinn, yule mjumbe wa Legio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki, aliyefia Nairobi tarehe 12 Mei 1944 na kuzikwa huko. Alizaliwa Septemba 1907 karibu na Kanturk, Kaunti ya Cork, baba yake akiwa mfanyakazi wa benki. Weka jina la ukoo, mwaka na wilaya, na uache wazi jina la kwanza, maana inasimuliwa kwamba mama alitaka aitwe Adele na ni padri aliyeandika Edel. Kuacha jina la kwanza wazi ni tabia njema katika kila utafutaji.

Hatua ya 5: Sensa za 1901 na 1911

Zote mbili ni bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Ya 1901 ilifanyika tarehe 31 Machi, ya 1911 tarehe 2 Aprili. Hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote, kwa sababu fomu ya kaya iliandikwa na mkuu wa kaya kwa mkono wake. Unaona mwandiko wa babu. Kama hakujua kuandika, utaona alama ya msalaba na jina la shahidi.

Usiishie kwenye orodha ya majina iliyochapwa. Fungua picha ya fomu. Utaona dini, kusoma na kuandika, kazi, na kama mtu alizungumza Kiairishi. Fomu ya 1911 inaongeza maswali matatu kwa wanawake walioolewa: ndoa ina miaka mingapi, amezaa watoto wangapi wakiwa hai, na wangapi bado wapo. Niliposoma kwamba nyanya wa mama mkwe wangu alizaa kumi na mmoja na kubaki na sita, nilifunga simu nikakaa kimya. Hao watano lazima uwatafute pia. Vyeti vyao vya kuzaliwa na vya kifo huwa na taarifa ambazo walioishi hawakuziacha.

Kisha fungua fomu ya nyumba. Inataja kuta za mawe au udongo, paa la nyasi au la vigae, idadi ya vyumba, madirisha ya mbele. Fomu nyingine inahesabu zizi la ng'ombe, banda la nguruwe, banda la kuku. Soma pia majirani wote wa kitongoji, si kaya yenu peke yake. Mashahidi wa ndoa na wasimamizi wa ubatizo hutoka humo humo.

Mahali pa kuzaliwa panatajwa kwa kaunti tu. Umri nao usiuamini. Tarehe 1 Januari 1909 pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza kulipwa, na watu wengi wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa wakazeeka miaka kumi na tano kati ya sensa mbili. Jambo hilo lina faida: mzee aliyedai pensheni bila cheti, mara nyingi maofisa walimtafuta katika sensa za 1841 na 1851, ambazo zilikuwa bado hazijaungua. Fomu za utafutaji huo zimehifadhiwa, na wakati mwingine ndiyo njia pekee ya kuiona familia kabla ya 1864.

Sensa ya 1921 haikufanyika kwa sababu ya vita vya uhuru. Iliyofuata ni ya 18 Aprili 1926, na hiyo sheria iliifunga kwa miaka 100.

Hatua ya 6: Vitabu vya parokia

Maktaba ya Taifa iliweka mtandaoni mwaka 2015 picha za vitabu vya Wakatoliki vya parokia zaidi ya 1,000, hadi takriban 1880, katika registers.nli.ie. Ni bure. Tovuti hiyo haina faharasa ya majina, unafungua ukurasa kwa ukurasa, na ndiyo maana nilisema kitongoji kwanza: kitongoji kinakupa parokia. FamilySearch, kwa kujisajili bure, na RootsIreland, kwa malipo, wana faharasa zinazoweza kukuonyesha pa kuanzia.

Vingi vimeandikwa Kilatini. Aliyesali misa ya zamani atatambua mengi: Joannes ni John, Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Honoria ni Nora. Majina yenyewe pia yana njia zake. Bridget huitwa Delia au Biddy. Jeremiah huitwa Darby, kwa sababu yote mawili yalitumika badala ya Diarmuid ya Kiairishi. Kwenye ukoo, Ó ni mjukuu na Mac ni mwana, na zote mbili ziliachwa na kurudishwa kiholela, kwa hiyo tafuta Sullivan na O'Sullivan, Carthy na McCarthy. Mac Gabhann, mwana wa mhunzi, anaweza kuwa McGowan kaka mmoja na Smith kaka mwingine.

Familia nyingi zilifuata utaratibu wa majina ambao sisi hatuuoni mgeni: mwana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, binti wa kwanza bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba. Utaratibu huu haukuwa sheria, lakini ukiwapanga watoto kwa kufuatana utapata dokezo la majina ya mababu. Pia ndiyo sababu binamu watano wa rika moja huitwa Daniel. Nilifuata Daniel asiye wetu kwa miezi minne. Jina lilikuwa sawa, parokia sawa, mwaka sawa, na jina la baba sawa. Ukoo wa mama tu ndio uliotofautiana, na mimi sikuwa nimeuangalia.

Hata mashuhuri wamechanganywa. Annie Moore wa Cork alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, tarehe 1 Januari 1892. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alihamia Texas na kufa huko. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak alionyesha kwamba yule wa Texas alizaliwa Illinois, na Annie mwenyewe aliishi New York hadi kifo chake mwaka 1924.

Angalia pia pambizo za kitabu. Baada ya kanuni ya Kanisa ya 1908, padri aliyefungisha ndoa alipaswa kuiarifu parokia ya ubatizo, nayo ikaandika ndoa hiyo kando ya jina. Hivyo mtoto aliyebatizwa shambani Kaunti ya Clare unaweza kukuta ubavuni ameandikiwa ndoa ya New York, na kanisa limetajwa.

Hatua ya 7: Ardhi, kwa miaka isiyo na sensa

Kabla ya 1864 shika karatasi za ardhi. Tathmini ya Griffith, Griffith's Valuation, ilifanyika kati ya 1847 na 1864, na iko bure kwenye askaboutireland.ie pamoja na ramani. Inataja mkuu wa kaya, mwenye ardhi aliyempangisha, ukubwa wa shamba na thamani yake. Nambari iliyo kando ya jina unaikuta kwenye ramani, na ramani ile inakupeleka hadi shambani kwenyewe. Vitabu vya zaka vya miaka ya 1823 hadi 1838 vinarudi nyuma zaidi, ingawa havitaji wakazi wa mijini wala wengi wasiokuwa na ardhi.

Kumbuka kwamba kati ya vitabu vya zaka na Griffith iliingia Njaa Kuu, kuanzia 1845. Watu milioni moja hivi walikufa na zaidi ya milioni wakahama. Jina lililomo katika vitabu vya zaka likikosekana kwa Griffith, huenda lipo katika meli, katika nyumba ya maskini, au katika kaburi lisilo na jiwe. Baada ya Griffith kuna vitabu vya masahihisho, ambamo kila mpangaji alipobadilika jina lilikatwa na jipya kuandikwa kwa wino wa rangi nyingine, pamoja na mwaka. Vya kaskazini vinasomwa mtandaoni kupitia hifadhi ya PRONI ya Belfast.

Kama nia yako ni uraia

Mwenye mzazi raia wa Ireland, aliyezaliwa kisiwani, ni raia tayari. Mwenye babu au bibi raia wa Ireland, aliyezaliwa kisiwani, anaweza kuomba kuandikwa katika Rejesta ya Waliozaliwa Nje. Picha za mtandaoni hazitatosha. Utaagiza vyeti rasmi kutoka ofisi ya usajili ya nchi alikozaliwa kila mmoja, vya babu, vya mzazi na vyako, na majina yaoane yote. Tatizo la majina kuandikwa tofauti kwenye vyeti vyetu vya Afrika Mashariki lishughulikie mapema.

Siku ya kwenda

Ukishapata kitongoji, fungua logainm.ie usome jina lake kwa Kiairishi na maana yake. *Cill* ni kanisa, *cnoc* ni kilima, *doire* ni msitu wa mialoni. Chapisha ramani ya Griffith na ukurasa wa sensa, uvae viatu vya matope, uende. Gonga mlango wa nyumba ya karibu, jitambulishe, utaje jina la ukoo na mwaka walioondoka, kisha uwaonyeshe karatasi. Sisi tulimkuta mzee wa miaka themanini na kitu akichunga mbwa wake getini. Aliusoma ukurasa wa 1911 taratibu, akaweka kidole kwenye jina la mhunzi, akasema huyo ni babu yake. Kisha akatutangulia nyuma ya zizi, akatuonyesha kisima.